Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Watu wa Filamu na Jukwaa Waliofia Kisiwani

Ni nani anayehesabiwa kuwa amefia kisiwani?

Ni mtu yeyote wa fani ya filamu au jukwaa, awe mwigizaji, mwongozaji, mtunzi wa tamthilia au kiongozi wa kundi la sanaa, ambaye mauti yalimkuta kwenye ardhi iliyozungukwa na maji pande zote na isiyohesabiwa kuwa bara. Kipimo hiki huonekana chepesi mpaka mtu aanze kukitumia. Java ni kisiwa, Honshu ni kisiwa, na hata ardhi ambayo London imejengwa juu yake ni kisiwa. Tukivihesabu vyote bila kubagua, orodha itameza karibu historia nzima ya jukwaa la Uingereza na ya sinema ya Japani, na haitamfundisha msomaji chochote. Kwa hiyo majibu yaliyopo hapa yanahusu zaidi visiwa vidogo, pamoja na nchi za visiwa ambazo sinema yake ilijengwa na wazawa wenyewe.

Jambo moja lazima lieleweke mapema. Mahali mtu alipoishi, alipofia na alipozikwa ni mambo matatu tofauti, na makosa mengi yanayorudiwa kuhusu watu hawa hutokana na kuyachanganya.

Je, Manhattan nayo inahesabika?

Kijiografia inahesabika, kwa kuwa imezungukwa na mito ya Hudson, East na Harlem. Ndiyo maana anaingia Melina Mercouri, mwigizaji wa Ugiriki aliyekuja kuwa Waziri wa Utamaduni wa nchi yake na aliyepigania kwa nguvu zote kurejeshwa kwa sanamu za hekalu la Parthenon kutoka Uingereza. Alifariki tarehe 6 Machi 1994 katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, na mwili wake ukarejeshwa Athens kwa maziko ya kitaifa. Greta Garbo, mwigizaji mzaliwa wa Sweden, naye alifia Manhattan, tarehe 15 Aprili 1990, na majivu yake yakazikwa Stockholm mwaka 1999. Hata hivyo, mmoja alifuata matibabu na mwingine alikuwa mkazi wa jiji kubwa kwa miaka mingi. Ni ramani tu inayowaweka kundi moja na watu waliokwenda kuishi kwenye miamba iliyo katikati ya bahari.

Mwongozaji wa filamu John Huston alifia Rhode Island, Marekani. Je, hicho ni kisiwa?

Jimbo la Rhode Island, licha ya jina lake, sehemu yake kubwa ni bara. Lakini mji wa Middletown, alikofariki Huston tarehe 28 Agosti 1987 akiwa na umri wa miaka 81, uko juu ya kisiwa cha Aquidneck, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Alikuwa amekwenda huko kwa ajili ya filamu *Mr. North*, iliyoongozwa na mwanawe Danny, ambamo alitarajiwa kuigiza. Robert Mitchum ndiye aliyechukua nafasi yake. Filamu yake ya mwisho kuiongoza, *The Dead*, aliifanya akiwa kwenye kiti cha magurudumu, huku akipumua kwa msaada wa oksijeni kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu.

Mwongozaji wa Sweden Ingmar Bergman alifikaje kisiwa cha Fårö, na kwa nini alibaki huko hadi mwisho?

Alifika kwa sababu ya bajeti. Mwaka 1960 alikuwa akitafuta mahali pa kurekodi *Såsom i en spegel*, na moyo wake ulikuwa kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Waliokuwa wakigharimia filamu waliona safari hiyo ni ghali, wakamshauri akaitazame Fårö, kisiwa kidogo cha Sweden katika Bahari ya Baltiki ambacho hufikiwa kwa kivuko kutoka Gotland. Alikwenda bila shauku, akakuta pwani ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na mawimbi yakabaki yamesimama kama nguzo, misonobari iliyopinda kwa upepo, na mwanga wa kijivu ambao kamera yake ilikuwa ikiutafuta kwa muda mrefu. Baada ya hapo alirudi mara kwa mara. *Persona*, *Skammen* na *En passion* zote zilirekodiwa huko, na mnamo miaka ya 1960 alijijengea nyumba mahali paitwapo Hammars, karibu kabisa na bahari.

Ni rahisi kumchora kama mzee aliyeikimbia dunia, lakini picha hiyo haimtendei haki. Bergman alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa kamera na hata baada ya hapo: aliongoza ukumbi wa taifa wa Dramaten mjini Stockholm kuanzia 1963 hadi 1966, na aliendelea kuongoza tamthilia hadi uzeeni. Tarehe 30 Januari 1976 polisi walimkamata kwa madai ya kodi akiwa katikati ya mazoezi ya tamthilia ya mwandishi wa Sweden Strindberg katika ukumbi huo huo. Madai hayo hayakusimama, lakini fedheha ile ilimwangusha kiafya, akaihama nchi na kwenda kufanya kazi Munich kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho chote hakuachana na Fårö, na filamu yake ya pili ya hali halisi kuhusu wakazi wa kisiwa hicho ilitoka mwaka 1979, wakati bado alikuwa na makazi Ujerumani. Ya kwanza aliirekodi mwaka 1969, akiwahoji wakulima, wavuvi na vijana kuhusu kazi zao na kuhusu nani angebaki kisiwani. Filamu hizo mbili hutajwa kwa nadra kuliko zile kubwa zake, nami naziona kuwa njia bora zaidi ya kuelewa uhusiano wake na mahali hapo, kwa sababu ndani yake anawasikiliza majirani badala ya kujisikiliza mwenyewe.

Miaka ya mwisho aliishi huko moja kwa moja. Ghala la shamba la Dämba aliligeuza kuwa ukumbi mdogo wa sinema, na kila siku saa tisa alasiri alikuwa akikaa kwenye kiti chake kutazama filamu. Aliyechelewa hakukaribishwa kwa uso mkunjufu. Alifariki akiwa usingizini nyumbani kwake Hammars asubuhi ya tarehe 30 Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 89, siku ile ile ambayo mwongozaji wa Italia Michelangelo Antonioni alifariki mjini Roma. Alizikwa kwenye uwanja wa kanisa la Fårö, na mabaki ya mkewe Ingrid, aliyekuwa ametangulia mwaka 1995, yakahamishiwa hapo.

Je, ni kweli kwamba wakazi wa Fårö waliwapoteza njia wageni waliomtafuta?

Ndiyo, hilo wamelisimulia wenyewe mara nyingi. Aliyeuliza nyumba ya Bergman iko wapi alijibiwa kwamba haijulikani, au alielekezwa upande mwingine wa kisiwa.

Mtunzi wa tamthilia wa Uingereza Noël Coward alihamia Jamaica kwa sababu gani?

Hali ya hewa, utulivu wa kuandika, na baadaye kodi za Uingereza, ambazo zilimfanya aondoe makazi yake rasmi nchini humo katika miaka ya 1950. Alikuwa ameionja Jamaica mwaka 1948 alipopanga nyumba ya Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za kijasusi, kwenye pwani ya kaskazini. Hapo hapo akanunua kiwanja na kujenga Blue Harbour. Nyumba hiyo ilipojaa wageni, naye akiwa mwenyeji asiyeweza kumfukuza mtu, alipanda kilimani na kujenga nyingine ndogo aliyoiita Firefly, yenye chumba kimoja tu cha kulala, ili mgeni asipate pa kulala hata angependa.

Aliyefia hapo tarehe 26 Machi 1973 alikuwa mtunzi wa *Hay Fever*, *Private Lives* na *Blithe Spirit*, na pia mtu wa filamu kwa haki yake mwenyewe: aliiandika *In Which We Serve* ya mwaka 1942, akaigiza kiongozi wa meli ndani yake na kuiongoza pamoja na David Lean. Moyo wake ulisimama akiwa na umri wa miaka 73, miaka mitatu tu baada ya kupewa cheo cha Sir. Kaburi lake liko kwenye bustani ya Firefly, mahali ambapo alizoea kukaa jioni akitazama ghuba chini yake. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa Westminster Abbey mwaka 1984 huwafanya baadhi ya watu wadhani kwamba alizikwa London, jambo ambalo si kweli.

Na Gracie Fields, mwimbaji na mwigizaji wa Uingereza?

Alifariki katika kisiwa cha Capri tarehe 27 Septemba 1979, akiwa na umri wa miaka 81, miezi michache baada ya kutunukiwa cheo cha Dame. Alizaliwa Rochdale, katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la bibi yake la kuuza samaki na chipsi, na katika miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa nyota waliolipwa vizuri zaidi katika filamu za Uingereza. Vita vilipoanza alijikuta kwenye mtihani mgumu, kwa kuwa mumewe wa pili, mwongozaji Monty Banks, alikuwa mzaliwa wa Italia na angewekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Waliondoka kwenda Amerika ya Kaskazini, na magazeti ya nyumbani yakamwita msaliti, ingawa aliendelea kuwatumbuiza wanajeshi na kuchangisha fedha kwa ajili ya Uingereza. Kidonda hicho kilichukua muda kupona. Capri ikawa makazi yake ya kudumu. Huko aliendesha mkahawa na bwawa la kuogelea la La Canzone del Mare, na watalii wa Kiingereza walikuwa wakishuka kwenye boti kwa matumaini ya kumwona tu. Alizikwa hapo hapo kisiwani.

Ni nani aliyefia kisiwani akiwa kazini?

Anayekumbukwa zaidi ni Oliver Reed, mwigizaji wa Uingereza. Mwaka 1999 alikuwa Malta akirekodi *Gladiator* chini ya Ridley Scott, akiigiza Proximo, mfanyabiashara anayewamiliki wapiganaji na ambaye zamani alikuwa mtumwa kama wao. Tarehe 2 Mei, siku ambayo hakuwa na kazi, alianguka ghafla ndani ya baa mjini Valletta na kufariki akiwa njiani kupelekwa hospitali. Ulikuwa mshtuko wa moyo, na alikuwa na umri wa miaka 61.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa imekamilika, lakini si yote. Watengenezaji walikataa kumwondoa na kurekodi upya na mtu mwingine. Waliandika upya mwisho wa mhusika wake, wakamtumia mwigizaji mbadala kwa mwili na kuupachika uso wa Reed kwa kompyuta kutoka kwenye picha zilizokwisha kurekodiwa. Leo jambo hilo limezoeleka, lakini wakati ule lilikuwa jaribio lenye gharama kubwa, na anayetazama mandhari zile akiwa na habari hii anaweza kuona jinsi kamera inavyojizuia kumsogelea. Reed alizikwa Churchtown, katika kaunti ya Cork nchini Ireland, karibu na nyumba yake, kwa hiyo alitoka kisiwa kimoja na kulazwa katika kingine.

Sergei Diaghilev anahusikaje, ilhali hakuwa mwigizaji?

Anahusika kwa sababu jukwaa la karne ya 20 linamdai deni kubwa kuliko waigizaji wengi. Yeye ndiye aliyeanzisha Ballets Russes mwaka 1909 na kuwaleta pamoja wachezaji wa baleti, wachoraji na watunzi wa muziki, akiwemo Stravinsky. Alikuwa na kisukari ambacho hakukitunza kwa nidhamu, na tarehe 19 Agosti 1929 alifariki katika Hôtel des Bains kwenye kisiwa cha Lido, Venice, akiwa na umri wa miaka 57 na bila fedha za kutosha hata kwa maziko yake. Marafiki zake Misia Sert na Coco Chanel ndio waliogharimia. Amezikwa kwenye kisiwa cha makaburi cha San Michele, ambako wachezaji wa baleti hadi leo huacha viatu vyao vya kuchezea juu ya kaburi lake.

Je, wapo waliofia kisiwani baada ya kuugua?

Denholm Elliott ni mmoja wao. Mwigizaji huyu wa Uingereza alianza kuigiza kwa dhati akiwa mfungwa wa vita nchini Ujerumani, baada ya ndege yake kudunguliwa, akishiriki maigizo ya wafungwa wenzake. Katika miaka ya 1980 alishinda tuzo ya filamu ya Uingereza, BAFTA, ya mwigizaji msaidizi mara tatu mfululizo. Alifariki nyumbani kwake Ibiza tarehe 6 Oktoba 1992 kwa kifua kikuu kilichotokana na UKIMWI, katika kipindi ambacho wasanii wengi walilazimika kuuficha ugonjwa huo hadi kaburini. Baada ya kifo chake mkewe, Susan, alilisema jambo hilo hadharani na kuanzisha mradi kisiwani humo wa kuwasaidia wanaoishi na virusi, na nadhani ujasiri huo unastahili kutajwa kila mara jina la Elliott linapotajwa.

Vipi kuhusu wasanii ambao kisiwa kilikuwa nchi yao?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi. Orodha za waliofia visiwani hujaa wageni matajiri waliokwenda kupumzika, na huwasahau watu waliozaliwa visiwani, wakafanya kazi hapo na kufa hapo wakiwa bado na mengi ya kufanya.

Mfano unaouma zaidi ni Sara Gómez wa Cuba. Alikuwa mwanamke Mweusi katika taasisi ya sinema ya nchi hiyo, ICAIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, na ndiye mwanamke wa kwanza wa Cuba kuongoza filamu ndefu. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa mwongozaji Tomás Gutiérrez Alea, akafanya kazi na mwongozaji wa Ufaransa Agnès Varda alipokwenda Cuba, na kutengeneza mfululizo wa filamu fupi za hali halisi kuhusu ubaguzi, familia na kazi. Filamu yake ndefu, *De cierta manera*, inachanganya waigizaji na wakazi halisi wa mtaa uliojengwa upya jijini Havana, kiasi kwamba mtazamaji hujikuta hajui hadithi imeishia wapi na maisha yameanzia wapi. Gómez alifariki Havana mwezi Juni 1974 kwa ugonjwa wa pumu, akiwa na umri wa miaka 31, filamu ikiwa haijakamilika. Alea na Julio García Espinosa ndio walioimalizia.

Alea mwenyewe alifia Havana tarehe 16 Aprili 1996. Saratani ilikuwa imemdhoofisha kiasi kwamba filamu zake mbili za mwisho, *Fresa y chocolate* na *Guantanamera*, aliziongoza pamoja na rafiki yake Juan Carlos Tabío. Ya kwanza iliteuliwa kuwania Oscar. Ya pili ni vichekesho kuhusu jeneza linalosafirishwa kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine huku urasimu ukilichelewesha kila kituo, na aliitengeneza akifahamu vizuri hali yake.

Nchini Sri Lanka, mwongozaji Lester James Peries aliishi hadi miaka 99 na kufariki Colombo tarehe 29 Aprili 2018. Kabla yake filamu za Kisinhala zilirekodiwa kwa kawaida katika studio za India Kusini. Yeye, kwa *Rekava* ya mwaka 1956, aliitoa kamera nje na kuiingiza kijijini. Vijaya Kumaranatunga, mwigizaji aliyependwa mno na ambaye pia aliongoza chama cha siasa, hakujaliwa umri kama huo. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Colombo tarehe 16 Februari 1988, akiwa na miaka 42, wakati nchi ikitokota kwa vita. Mjane wake, Chandrika Kumaratunga, alikuja kuwa rais mwaka 1994.

Ni majina gani huwekwa kwenye orodha hii kimakosa?

Bruce Lee ni wa kwanza. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, lakini katika eneo la Kowloon, ambalo ni rasi iliyoungana na bara, na si katika Kisiwa cha Hong Kong.

Mwigizaji Errol Flynn alikuwa na ardhi Jamaica na alitamani kuzikwa huko, ila mauti yalimfika Vancouver tarehe 14 Oktoba 1959 alipokwenda kushughulikia biashara ya boti yake. Jiji la Vancouver liko bara, na Kisiwa cha Vancouver ni mahali pengine. Aliyefia Jamaica ni mjane wake, mwigizaji Patrice Wymore, mwaka 2014. Mwigizaji Marlon Brando alimiliki kisiwa cha Tetiaroa katika Polinesia ya Ufaransa, lakini alifariki Los Angeles mwaka 2004. Mwigizaji wa Italia Massimo Troisi alirekodi *Il postino* kwenye visiwa vya Procida na Salina huku moyo wake ukiwa taabani, akakataa kuahirisha kazi ili afanyiwe upasuaji, na akafariki Ostia, karibu na Roma, tarehe 4 Juni 1994, muda mfupi sana baada ya kumaliza kurekodi.

Mwigizaji wa Marekani Natalie Wood alifia kisiwani au baharini?

Baharini, karibu na kisiwa cha Catalina, California. Alitoweka kutoka kwenye boti iliyotia nanga hapo, na mwili wake ukapatikana majini asubuhi ya tarehe 29 Novemba 1981. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mwaka 2012 cheti cha kifo kilibadilishwa kusomeka kwamba alizama pamoja na sababu nyingine zisizojulikana, na hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa. Kwa heshima yake na ya familia yake, ukurasa huu hauingii kwenye uvumi.

Wapo waliozikwa kisiwani bila kufia huko?

Wapo. Mwongozaji wa Italia Luchino Visconti alifariki Roma mwaka 1976, na majivu yake yako katika nyumba yake ya La Colombaia kisiwani Ischia. Mwigizaji wa jukwaa Lillie Langtry alifia Monaco mwaka 1929 na kurudishwa kuzikwa Jersey, kisiwa alichozaliwa.

Nyumba na mali walizoacha ziliishia wapi?

Firefly iliingia mikononi mwa taasisi ya urithi ya Jamaica kupitia kwa Graham Payn, mwenzi wa Coward. Bergman aliacha wosia kwamba majengo yake yauzwe na fedha zigawanywe, na kwa muda ilihofiwa kwamba kila kitu kingetawanyika. Mwaka 2009 mnunuzi mmoja kutoka Norway alivichukua viwanja pamoja na vitu vilivyokuwamo, na sasa waandishi, wasanii na watafiti huomba nafasi ya kukaa humo kwa muda na kufanya kazi. Jack Lord, nyota wa *Hawaii Five-O* aliyefariki Honolulu tarehe 21 Januari 1998, hakuwa na mtoto aliyeishi naye. Mali yake, yenye thamani ya takriban dola milioni 40, ilikwenda kwa mashirika ya hisani ya Hawaii baada ya mkewe kufariki mwaka 2005.